Shukrani Zimfikie Aliyekuonyesha Maporomoko

Rungwe haina shida ya maji. Sehemu za wilaya hii hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, Mlima Rungwe wenyewe unakaribia mita 3,000, na mito kama Kiwira, Mbaka na Lufilyo inateremka kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa. Maji mengi kiasi hicho, yakipita katika nchi ya miamba ya volkano, lazima yaanguke mahali. Maporomoko ya Kaporogwe, yenye urefu wa karibu mita 40 na pango nyuma ya maji, yamekwisha kujulikana. Daraja la Mungu na Kijungu, kule karibu na Chuo cha Magereza Kiwira, navyo vina wageni wake. Lakini yako maporomoko mengine ambayo jina lake halivuki mipaka ya kitongoji, na siku hizi walimu, wapiga picha, wanafunzi wa jiografia na vijana wa utalii wanayatafuta, wanayapima na kuyaweka kwenye ramani na vijitabu.

Hakuna anayefika huko kwa nguvu zake mwenyewe. Mtendaji wa kijiji amesoma barua yako na kuigonga muhuri. Mwenyekiti wa kitongoji ameacha shamba lake ili akutambulishe. Kijana wa bodaboda amekupeleka mpaka njia ilipoishia, akaona huko mbele hutaweza, akaegesha pikipiki na kukufyekea njia kwa panga. Mama mmoja amekuruhusu upite katikati ya migomba yake, na mliporudi mmelowa akawapa mtindi na ndizi za kuchemsha. Mzee amekutajia jina la maporomoko, na kukueleza kwa nini watoto wanakatazwa kuoga pale. Kisha kijitabu kinatoka, na watu wote hawa wameishia kwenye mstari mmoja: “Tunawashukuru wananchi wote kwa ushirikiano wao.” Mstari huo haujamshukuru mtu. Atakayeusoma ni mfadhili wako. Yule mama hata hana habari kwamba kijitabu kipo.

Shukrani zinazofika huandaliwa mapema, kwenye daftari, siku ileile ya safari. Usingoje kurudi mjini, kwa sababu majina hupotea haraka kuliko vipimo. Andika jina lote kama mwenyewe anavyolitaja, kisha msomee alihakiki. Huku Unyakyusani, nchi ya Wanyakyusa, ukoo mmoja una watu wengi: ukiandika “Mwakalinga” peke yake, wa kijiji cha juu na wa kijiji cha chini watadai ni wao, au watakataa wote wawili. Weka jina la kwanza, kitongoji, na kazi aliyoifanya. Kwa akina mama kuwa mwangalifu zaidi. Utatambulishwa kwa “Mama Neema” au “mke wa mwenyekiti”, na ndivyo atakavyoingia kwenye daftari usipouliza. Muulize kwa adabu: “Samahani mama, tungependa kuandika jina lako wewe mwenyewe. Tuandikeje?” Wengine watataka hilohilo la Mama Neema, na hapo ni uamuzi wao, si uzembe wako.

Swali la pili ni kama mtu anataka kutajwa. Wageni wengi hudhani kila mmoja hufurahi kuona jina lake kwenye karatasi. Aliyekupitisha njia ya mkato ndani ya msitu uliohifadhiwa huenda asitake kabisa jambo hilo lijulikane. Mzee aliyekusimulia habari za mahali pa tambiko anaweza kulaumiwa na ndugu zake kwa kumwambia mgeni. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, na kuingia kuna taratibu zake. Usimchongee aliyekusaidia kwa kumshukuru. Zaidi ya hayo, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa hiyo jina, picha ya uso na namba ya simu ya mtu si vitu vya kuchapisha bila ridhaa yake. Namba ya simu ya kiongozi wa njia ichapishwe pale tu ambapo mwenyewe amesema anataka wateja. Na anayekataa kutajwa bado anastahili kushukuriwa, ila angalia maneno yako: “mzee mmoja wa kitongoji hicho” hayamfichi mtu kama kitongoji kizima kina wazee watatu. Sema “wazee wa tarafa hii”, halafu nenda ukamshukuru ana kwa ana.

Sasa pesa. Posho ya aliyekuongoza ni ujira. Mnakubaliana kabla ya kuondoka na analipwa mnaporudi, hata kama maji yalikuwa machache na picha hazikupendeza. Usimwambie “tutaonana”, vijijini neno hilo limeshawachosha watu. Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea, maana ukimtumia elfu kumi kamili anapokea pungufu ya mlichokubaliana. Ukishamlipa ndipo deni la shukrani linapoanza, nalo halilipwi kwa noti. Kwa mzee, au kwa mama aliyewapa chakula, zawadi ya nyumbani inafaa: sukari, sabuni, kitenge. Majani ya chai kuyapeleka Tukuyu, kwenye mashamba ya chai, kunahitaji uso mkavu. Muulize kwanza mwenyekiti au mwenyeji wako nini kinafaa na kwa nani, kwa sababu zawadi kubwa kwa nyumba moja huzua maneno kwa jirani, na wewe utakuwa umeshaondoka.

Ukurasa wa shukrani wenyewe uandike kwa vitenzi. Badala ya “Shukrani kwa Fulani kwa msaada wake”, sema alifanya nini: alitupeleka mpaka chini ya maporomoko, alishika ncha ya kamba tulipokuwa tunapima urefu, alitutajia jina na maana yake, alitukataza kuvuka mto ulipokuwa umejaa. Msomaji wa mbali atajua kazi ilifanywaje, na mhusika akisomewa atajitambua. Mpangilio nao unasema jambo. Desturi yetu ya itifaki humweka mkuu wa wilaya juu na kijana wa panga chini kabisa, kama yumo. Mimi naona viongozi washukuriwe kwa barua rasmi, kila ofisi na yake, na wanaopendelea barua kuliko kijitabu si wachache. Kwenye kijitabu panga watu kwa kufuata mto: waanze wa kijiji cha juu kwenye chanzo, ushuke nao hadi wa bondeni. Hapo hakuna atakayeuliza kwa nini mwenzake ametangulia.

Maporomoko mengi yako kwenye mpaka wa vijiji viwili, na kila ng’ambo ina jina lake. Chapisha yote mawili na uwashukuru wa pande zote mbili. Ukichagua moja kwa sababu ndilo ulilolisikia kwanza, umegeuza kijitabu kuwa ushahidi wa kesi ya mpaka. Hakikisha pia uko upande gani wa utawala, maana Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili, ya Rungwe na ya Busokelo, na mtendaji wa upande mmoja hapendi kusoma kwamba kijiji chake kimehamishwa.

Picha zina kanuni yake. Kama kijana wa kijijini alikupigia picha kwa simu yake, au alikupa picha aliyoipiga wakati wa masika ambapo wewe hukuwapo, jina lake linakaa chini ya picha hiyohiyo, si mwishoni kwenye orodha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mpiga picha haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, awe na kamera ya mamilioni au simu yenye kioo kilichopasuka. Takwimu nazo zina wenyewe. Ukitumia vipimo vya wingi wa maji kutoka bodi ya maji ya bonde, itaje bodi, lakini kumbuka kwamba penye kipimo mtoni kuna msomaji, mwanakijiji anayeteremka kuandika kina cha maji, mvua inyeshe isinyeshe. Uliza kama anapenda kutajwa. Ni nadra sana mtu kumkumbuka.

Kuna neno moja la kuliondoa kabisa katika ukurasa huo, nalo ni “tuligundua”. Hayo maporomoko yana watu waliochota maji chini yake tangu babu zao. Uliyapima wewe, uliyapiga picha wewe, sawa, sema hivyo. Unyakyusa inalijua vizuri jambo hili la wenyeji kusahauliwa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia kutoka Afrika Kusini, alifanya utafiti wake hapa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, na vitabu vyake bado vinasomwa vyuoni. Miongoni mwa waliowawezesha kuisikia na kuielewa jamii ile alikuwa karani wao, Leonard Mwaisumo, aliyefariki 1938. Mwaka 2013 ndipo kilipotoka kitabu juu ya Wilson na wakalimani wake, na humo Mwaisumo akapata sura yake. Karani huyo alingoja miaka 75. Kijana wako wa bodaboda asingoje hata mwaka.

Kwa hiyo rudi kijijini. Hili ndilo linalorukwa mara nyingi, kwa sababu bajeti huwa imekwisha na kijitabu kimeshapigiwa makofi mjini. Tenga nauli ya kurudi tangu mwanzo, kabla ya kutenga ya uzinduzi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji akuwekee nafasi fupi kwenye ajenda. Epuka Machi hadi Mei, barabara za ndani zikiwa tope tupu. Juni hadi Septemba ni afadhali, japo Tukuyu hata kiangazi mwavuli si mzigo. Ukisimama, ongea kwa ufupi. Salimia wazee kwanza, sema mlichofanya, soma majina ya walioridhia kutajwa, kabidhi nakala, kaa chini. Kama unajua kusema “ndaga fijo” iseme, lakini hotuba nzima ya Kinyakyusa cha kubahatisha waachie wenyewe.

Nakala moja iende ofisi ya kijiji, moja shule ya msingi, na moja kwa kila aliyetajwa. Usitegemee kutuma faili kwenye simu, maana wazee wengi wana kitochi, na hata mwenye simu kubwa hulifuta nafasi ikijaa. Picha zioshwe zikiwa kubwa, zitiwe karatasi ya plastiki zisiharibiwe na unyevu, na kila aliyepigwa apate yake. Hiyo picha itatundikwa sebuleni na kukaa muda mrefu kuliko kijitabu chenyewe. Ukikuta mzee aliyekusimulia amefariki, usimkabidhi jirani bahasha ukaondoka. Nenda nyumbani, toa pole, waulize wanawe kama wangependa sauti uliyorekodi na kama jina libaki kwenye toleo lijalo likiwa na neno marehemu.

Acha pia ukurasa mtupu nyuma ya nakala ya ofisini, umwombe mtendaji aandike humo makosa watakayoyaona: jina lililokosewa, mtu aliyesahauliwa, njia iliyobadilika. Wasiporidhika watakwambia, ukiwapa mahali pa kusemea. Na kama kijitabu kitaleta wageni, chapisha maelekezo kwamba waanzie ofisi ya kijiji, walipe huko na kudai risiti, wachukue kiongozi wa palepale, na wasipite shambani kwa mtu bila kubisha hodi. Mama wa migomba hakukuruhusu wewe ili apate msafara wa magari kila Jumamosi.

Kama kijitabu chako kimeshachapishwa na bado hujarudi, mpigie mtendaji wiki hii. Muulize tarehe ya mkutano ujao.