Barabara Ikoje?

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Matendo 27:9–44, Hesabu 7:3–9, 2 Timotheo 4:13 na 21, Kumbukumbu la Torati 24:15

Wiki hii nimeombwa nifundishe juu ya imani na hekima. Nimeona nianze na ushuhuda ambao kwa miaka mingi sikutaka kuutoa, manake haunipambi. Ni habari ya siku niliyokodi lori kuhamisha vitu vyetu kwenda mlimani.

Nilipostaafu ualimu, mimi na mama watoto tuliamua kutoka Eldoret turudi shambani, juu katika milima ya Cherangany, upande wa Marakwet. Mpaka Kapsowar unapita Iten kwa lami bila shida. Baada ya hapo, kufika kwetu ni kilomita 11 za udongo mwekundu. Mkono mmoja una ukuta wa mlima, mkono wa pili una korongo. Kiangazi hata gari dogo linafika. Mvua ikishika, hata punda anakataa.

Na mvua ya huku si ya kupita. Nairobi masika yanapungua ikifika mwisho wa Mei. Huku kwetu mvua inaanza Machi au Aprili na inaendelea mpaka Agosti, mara nyingine Septemba. Kila mtu wa mlimani anajua: ukitaka kuhama, hama Januari au Februari.

Sisi tulihama mwisho wa Aprili. Sababu ni moja tu, sikutaka kulipa kodi ya nyumba ya mwezi wa Mei.

Nilipigia simu dereva mmoja wa lori. Tukaongea bei, kisha akaniuliza swali moja: "Mwalimu, barabara ikoje?"

Wapendwa, nilijua ikoje. Wiki hiyo hiyo ndugu yangu alikuwa ameniambia kwamba kalvati moja karibu na mpando wa mwisho limebomoka upande mmoja, na lori la viazi lililala hapo siku mbili. Lakini nilijua pia kwamba nikisema hivyo bei itapanda, ama atakataa kabisa. Nikamjibu, "Iko sawa, ni murram kidogo tu." Nikajituliza moyoni: nimeomba, nimekiri kwa imani, mvua haitanyesha.

Tulichelewa kupakia. Badala ya kutoka alfajiri tulitoka saa nne na nusu. Jua lilikuwa linawaka, nami nikasema, si mnaona? Saa tisa tukiwa kwenye ule mpando, mvua ikaanguka. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bure, na lori likaanza kurudi. Tanboi, kijana wa miaka 19, akaruka chini na jiwe ili azuie gurudumu, kama wanavyofanya kila siku. Jiwe likateleza kwenye matope. Lori lilirudi hatua moja tu, likakwama. Lakini mguu wake ulikuwa hapo.

Tulimlaza juu ya godoro letu, na wanaume wa kijiji wakambeba kwa zamu kwenye mvua mpaka mahali gari lingeweza kufika. Mfupa ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Usiku ule hospitalini dereva hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Sasa tufungue Biblia, Matendo 27.

Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa merikebu. Mstari wa 9 unasema siku za kufunga zilikuwa zimeshapita, na safari imekuwa ya hatari. Ile saumu ilikuwa inaangukia kati ya Septemba na Oktoba. Baada ya hapo majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Tusisome neno "baridi" tukafikiria sweta na chai tu. Nchi za Mediterania, baridi ndiyo inakuja na mvua na dhoruba. Kwa hiyo majira yao ya baridi ni kama masika yetu ya mlimani: ni wakati njia zinafungwa. Ndiyo maana Paulo, akimwandikia Timotheo amletee joho lake na vitabu kutoka Troa, alimsihi afike kabla ya majira hayo. Mtume aliyejaa Roho Mtakatifu alipanga usafiri wa mizigo yake kwa kalenda.

Kule kwenye merikebu Paulo aliwaonya wazi kwamba kutakuwa na hasara, si ya shehena na chombo tu, bali ya maisha. Lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wakataka kuendelea kwa sababu bandari ile haikuwa nzuri ya kukaa. Angalia sasa mstari wa 13. Upepo laini wa kusini ulipovuma, walidhani wamepata walichotaka. Huo ulikuwa kama lile jua langu la saa nne na nusu.

Sasa sikiliza, manake hapa ndipo wengi wetu wapendwa wa Kipentekoste tunajikwaa. Mimi sikukosea kwa kuomba mvua isinyeshe. Kuomba ni haki yangu. Kosa langu ni kwamba nilimficha mtu mwingine hatari, kisha nikaita uongo huo imani. Kalvati lilikuwa limevunjika kabla sijapiga magoti. Imani haikunipa ruhusa ya kusema ni zima.

Paulo hakufanya hivyo. Mstari wa 24 malaika anamwahidi kwamba wote walio naye watapona. Ahadi imetoka mbinguni, imekwisha. Lakini mstari wa 31, mabaharia wakitaka kutoroka kwa mashua, Paulo anamwambia akida kwamba hawa wakiondoka, hamtaokoka. Aliishika ahadi na bado akasema ukweli juu ya chombo na watu wanaokiendesha. Watu 276 walifika nchi kavu wote.

Basi, ukiwa na mzigo wa kupeleka mahali pagumu, iwe ni nyumba yako, ni vitu vya matanga ama vifaa vya kanisa, fanya haya.

1. Sema ukweli wa njia, wote. Nenda uipite mwenyewe wiki hiyo hiyo, usitegemee ulivyoiona Krismasi. Uliza dereva wa gari la maziwa na vijana wa boda boda, manake hao wanapita kila siku. Piga picha za kona mbaya, kalvati, mahali penye mpando mkali, na mahali lori litageuka. Mwambie dereva lami inaishia wapi na kilomita ngapi zinabaki. Akipandisha bei baada ya kusikia, hajakuonea. Hiyo ndiyo bei ya njia yako.

2. Chagua majira, kisha chagua saa. Hama kiangazi kama unaweza. Kama huwezi, pakia jana yake jioni na utoke alfajiri, kwa sababu milimani kwetu mvua nyingi hunyesha alasiri. Kubalianeni mapema: mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, tunaahirisha, na nitalipa kiasi fulani kwa siku hiyo iliyopotea. Kodi ya mwezi mmoja ingekuwa rahisi kuliko mguu wa mtoto wa mtu. Tusisahau pia kwamba Novemba 2019, maporomoko ya ardhi huko Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40, na madaraja yalisombwa hata waokoaji wakapata shida kufika. Milima hii yetu si ya kuchezea.

3. Gari lilingane na mzigo na njia. Soma Hesabu 7. Viongozi walileta magari 6 na ng'ombe 12 kwa kazi ya maskani. Musa hakugawa sawasawa. Wana wa Gershoni walipata magari 2, wana wa Merari wakapata 4, kwa sababu wao walibeba mbao, nguzo na vitako. Wana wa Kohathi hawakupata hata moja, vyao vilikuwa vya kubebwa mabegani. Kila mzigo na chombo chake. Kwa hiyo usilazimishe lori kubwa lipande mpaka mlangoni. Lifike mwisho wa lami, kisha vitu vipande kidogo kidogo kwa pikapu yenye nguvu kwa magurudumu yote manne ama trekta. Tafuta mapema chumba pale kituoni, hata kama ni stoo ya kanisa, vitu vilale vikavu njia ikikataa.

4. Andikeni makubaliano. Karatasi moja inatosha: bei, kinacholipwa mbele na kinachobaki, nani analipa gari likikwama, nani anapakua. Uliza habari ya bima. Ile bima ya lazima ya gari hailipi kabati lako likivunjika. Bima ya mizigo inayosafirishwa ni nyingine. Na uandike hili: dereva akisema "hapa sipiti," safari imesimama, hakuna kubembeleza. Hata tanboi akiona hatari asikilizwe. Kule merikebuni aliyesema kweli alikuwa mfungwa.

5. Watu kwanza. Kwenye dhoruba walitupa shehena, kisha vyombo vya merikebu, mwisho hata ngano. Hakuna mtu wa kupanda juu ya mzigo. Hakuna mtu wa kusimama nyuma ya lori kwenye mpando, hata akiwa na jiwe. Gari likianza kuteleza, shukeni wote mkae upande wa juu, mngoje njia ikauke. Na vijana wa kupakua walipwe siku hiyo hiyo, jua halijatua, kama Torati inavyoagiza.

Namalizia ushuhuda. Nilienda kwa mama yake yule kijana, nikamweleza kila kitu bila kupunguza. Nililipa hospitali, na miezi 7 ambayo hakufanya kazi nilimpelekea mshahara wake. Hiyo pesa ilipita kodi ya Mei mara nyingi, lakini sihesabu. Leo anatembea, ila wakati wa baridi anachechemea kidogo, na kila nikimwona naomba Mungu anisaidie nisisahau.

Miaka miwili baadaye kanisa letu la mlimani lilikuwa linajengwa. Tulihitaji kupandisha mabati 60 na mabenchi kutoka Eldoret. Wazee wakanituma nitafute gari. Nilichukua simu nikaishika muda mrefu, kisha nikampigia dereva yule yule. Hakukata. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Mwalimu, barabara ikoje?"

Nikamwambia mbaya ni wapi. Nikamwambia kalvati lilitengenezwa lakini kuna kona nyingine udongo umeshuka, na ni Januari, haijanyesha wiki tatu, na nimeipita jana kwa miguu. Akataja bei. Ilikuwa juu kuliko tuliyotarajia, nami sikupunguza hata shilingi. Alikuja na gari dogo, akapanda mara tatu. Mabati yote yalifika, na watu wote walifika. Ndiyo hayo mabati tunayoabudu chini yake.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika Matendo 27:11–12, ni sababu gani zilifanya watu wasimsikilize Paulo? Ni zipi kati ya hizo zinatusumbua hata sisi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kukiri kwa imani na kuficha ukweli? Toa mfano wa nyumbani ama wa kazini.
3. Je, kuna mtu anayebeba mzigo wako sasa hivi, mfanyakazi, fundi ama dereva, ambaye hujamwambia hatari unayoijua? Utamwambia lini?
4. Kama umeshamuumiza mtu kwa njia hiyo, hatua ya kwanza ya kurekebisha ni ipi?

OMBI
Baba, tusamehe pale tulipotaka urahisi wetu kwa gharama ya mwili wa mwingine. Tupe ujasiri wa kusema barabara ikoje hata ikitugharimu. Walinde madereva na vijana wote wanaopanda milima msimu huu wa mvua, na yule anayeendelea kuuguza jeraha umguse leo. Kwa jina la Yesu, amina.