Chuma Kisichoshika Kutu: Aina Zake na Matumizi Yake

Wanunuzi wengi wa vyombo hujaribu chuma kwa sumaku. Sumaku ikinasa, husema kwamba chombo hicho kitashika kutu. Kipimo hicho hupotosha, kwani kinachozuia kutu ni kromi iliyomo ndani ya chuma, wala si kukataa sumaku.

Chuma kisichoshika kutu ni aloi yenye kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi huungana na oksijeni na kufanya utando wa oksaidi juu ya uso wa chuma. Unene wa utando huo ni nanometa chache tu, lakini hukinga chuma kilicho chini yake. Ukikwaruzwa, hujijenga upya maadamu oksijeni ipo. Mwaka 1913, Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipokuwa akitafuta chuma cha kutengenezea mitutu ya bunduki, alipata aloi yenye kromi ipatayo asilimia 13, akatambua kuwa ingefaa kwa visu.

Aina zilizo kuu ni nne.

1. Martensiti. Aina hii ina kromi asilimia 12 hadi 14 na kaboni nyingi kidogo. Ikipashwa moto wa nyuzi 1000 hivi za Sentigredi kisha ikapozwa kwa haraka, huwa ngumu na hushika makali. Hutumika kwa visu na mikasi ya wapasuaji. Hunasa sumaku.

2. Feriti. Ina kromi asilimia 16 hadi 18, kaboni kidogo, na kwa kawaida haina nikeli; kwa hiyo ni rahisi kwa bei. Hutumika kwa vyombo vya nyumbani. Nayo hunasa sumaku.

3. Austeniti. Iliyo mashuhuri ina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Hukunjika na kuunganishwa kwa urahisi, na hutengenezewa masinki na matangi ya maziwa. Hainasi sumaku, isipokuwa kidogo mahali ilipokunjwa ikiwa baridi.

4. Dupleksi. Ni mchanganyiko wa feriti na austeniti. Ina nguvu kubwa, na hutumika katika mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Hunasa sumaku.

Hata hivyo, hakuna aina isiyodhurika kabisa. Kloridi iliyomo katika chumvi hutoboa utando mahali padogo na kuchimba vishimo. Tangi laweza kuvuja hali sehemu kubwa ya uso wake ingali inang'aa. Kwa sababu hiyo, mahali penye upepo wa bahari, kama vile Tanga au Mombasa, hufaa kutumia austeniti iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, ambayo huongeza ukinzani dhidi ya kloridi.

Jaribio: Wanafunzi wachukue kijiko, kisu na msumari wa kawaida, wavijaribu kwa sumaku, kisha waviache katika maji ya chumvi kwa siku tatu. Kisu na msumari huenda vyote vikanasa sumaku, lakini msumari ndio utakaoshika kutu nyingi. Hapo itadhihirika kwamba sumaku haipimi ubora wa chuma. Mwenye kuchagua chuma na aulize kwanza: kitatumika wapi, na kitagusana na nini?