Mtoto Mzito wa Kufahamu na Mafundisho Yake Nyumbani

Himdi ni ya Mwenyezi Mungu, aliyewaumba viumbe wake mbali mbali kwa sura na kwa fahamu, wala hakumtaka yeyote katika wao ila kwa kadiri ya alichompa. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, mwalimu mpole, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: somo hili ni kwa mzazi aliye na mtoto ambaye umri wake umekwenda mbele na fahamu yake imebaki nyuma. Watoto hao wako katika kila mji. Wako Bunda na Butiama, na wako katika mitaa ya Nyakato mjini Musoma kama walivyoko Unguja na Mombasa. Aghlabu mtoto wa namna hiyo hupelekwa chuoni pamoja na wenziwe, akakaa juu ya alifu na be mwaka mzima. Wenziwe wakamaliza Juzuu Amma, naye hajatoka katika ubao wa kwanza. Ndipo hutokea moja katika mambo mawili: ama hupigwa mpaka akakiogopa chuo, ama hurudishwa nyumbani akakalishwa uani, na wageni wakija akafichwa chumbani. Yote mawili ni dhulma. Na makusudio ya somo hili ni kubainisha ya kwamba sharia haikuanza kwa kumtaka mtoto herufi. Ilianza kwa kumtaka jambo jingine, na chuo cha jambo hilo ni nyumba ya wazazi wake.

FASILI YA KWANZA: MAANA YA TAMYIZI

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamesema ya kuwa mtoto huamrishwa sala akitimiza miaka 7, kwa sharti ya kuwa amekwisha kupata tamyizi, yaani kupambanua mambo. Kisha wakaieleza tamyizi yenyewe, na iliyo nzuri katika maelezo yao ni hii: mtoto aweze kula peke yake, na kunywa peke yake, na kustanji peke yake.

Mzazi na ayatazame maneno haya kwa makini. Hawakusema asome, wala ahesabu, wala ajue kujibu maswali. Wametaja sahani, na kikombe, na kata ya maji. Basi mtoto wa miaka 9 ambaye bado hulishwa na kuoshwa, mlango wake wa kwanza wa dini ni mambo hayo matatu, na alifu itangoja. Na mama akaaye na mwanawe chooni kila asubuhi akimfundisha kujitoharisha, asidhani ya kuwa kazi yake ni duni kuliko ya mwalimu aliyekaa mkekani na fimbo yake. Yeye ndiye ajengaye msingi wa tohara, na pasipo tohara hapana sala.

Na jambo hili lina hatari kubwa ndani yake. Mtu asiyekuwa na akili kabisa, kalamu imeinuliwa kwake. Hapana dhambi juu yake wala juu ya wazazi wake kwa asichoweza. Walakini wengi katika watoto hawa si wa namna hiyo. Wana akili, ila ni nzito. Huelewa kwa taabu, lakini huelewa. Mtoto huyo akibaleghe hali anapambanua, amekwisha kuwa mukallafu, na sala na tohara zimemlazimu kwa kadiri ya uwezo wake. Basi baba aliyesema, "Huyu hajui kitu, mwacheni," amemwacha mwanawe afikiwe na faradhi asiyofundishwa namna ya kuitekeleza. Kumfundisha kumewalazimu wazazi. Na ikiwa kwahitaji ujira, ujira huo hutolewa katika mali ya mtoto, na akiwa hana mali, humlazimu yule ambaye nafaka ya mtoto iko juu yake.

FASILI YA PILI: KUTAZAMA KABLA YA KUHUKUMU

Asiseme mzazi, "Mwanangu ni mzito wa akili," mpaka ayatazame masikio na macho yake. Watoto wengi wameitwa wajinga hali ya kuwa hawasikii. Mzazi na asimame nyuma ya mtoto, asionekane, amwite kwa sauti ndogo. Kisha agonge bakuli upande wa kulia na upande wa kushoto, atazame kama atageuka. Na mtoto atokwaye na usaha masikioni apelekwe hospitali upesi, kwani maradhi hayo yakiachwa huharibu usikivu. Kadhalika ampe kitu kidogo akitazame, aone kama hukileta karibu mno na uso.

Akibainika ya kuwa haoni, huyo si mzito wa kufahamu, bali yahitaji kusomeshwa kwa vidole. Maandishi ya nukta yaliyotungwa na Louis Braille wa Ufaransa katika karne ya kumi na tisa husomwa leo kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Katika Tanganyika shule ya wasioona ilifunguliwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950; na mumo humo Musoma, Shule ya Mwisenge, aliyoingia Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1934, imepata kusomesha watoto wasioona. Na kwa viziwi shule ilifunguliwa Tabora mwaka 1963. Wala upofu haukumzuia Abdallah bin Ummi Maktum kuwa mwadhini wa Mtume, wala kuachiwa mji wa Madina auangalie Mtume alipokuwa safarini.

Ama uzito wa fahamu wenyewe, sababu zake ni nyingi. Wako waliokosa pumzi wakati wa kuzaliwa. Wako waliopatwa na manjano makali katika siku za kwanza yasitibiwe. Wako walioshikwa na degedege ya malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Wako ambao mama zao walikosa madini joto katika chumvi wakati wa mimba. Wengine huzaliwa na hali ambayo mganga wa Kiingereza, John Langdon Down, aliieleza mwaka 1866, na mwaka 1959 Jérôme Lejeune na wenziwe huko Ufaransa wakadhihirisha ya kuwa asili yake ni kromosomu moja iliyozidi katika chembe za mwili. Na wengine wana usonji, ambao sababu zake ni za namna nyingi.

Katika haya yote hapana laana ya ukoo, wala dhambi ya mama. Basi mume asimwache mkewe kwa sababu ya mtoto huyu, wala mawifi wasimnyoshee kidole. Na mwenye kuuza mbuzi wake ampe mganga wa ramli amtoe mtoto jini, amepoteza mbuzi, na amepoteza na miaka ambayo mtoto angejifunza. Dua na kisomo ni jambo jema, wala havizuii kwenda hospitali.

FASILI YA TATU: NAMNA YA KUFUNDISHA

Kwanza, lugha iwe moja. Katika nyumba nyingi za Musoma mtoto husikia Kijita au Kikwaya, Kizanaki, Kikurya au Kijaluo kwa bibi yake, Kiswahili barabarani, na Kiarabu chuoni. Mtoto mwepesi huzibeba zote. Mzito huzama ndani yake. Basi watu wa nyumbani wapatane: kila jambo liwe na neno moja, kwa lugha anayoifahamu zaidi, na wote walitumie neno hilo hilo. Leo asiambiwe "kanawe," kesho "kaoshe mikono," kesho kutwa jingine.

Pili, kila kazi ikatwe vipande vidogo. Kustanji, ambako mtu mzima hukuona ni jambo moja, ni mambo mengi: kuvua nguo, kukaa, kuchota maji kwa kata, kuosha kwa mkono wa kushoto, kuvaa, kisha kunawa mikono kwa sabuni. Na njia iliyojaribiwa ikafaa ni kuanzia mwisho. Mama na afanye vipande vyote, amwachie mtoto kile cha mwisho tu, yaani kunawa. Akikiweza, amwachie viwili vya mwisho. Hivyo hivyo mpaka afike mwanzo. Faida yake ni kuwa kila mara mtoto humaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, akaonja furaha ya kumaliza. Na mtoto huyu, aliyezoea kushindwa, furaha hiyo haijui.

Tatu, muda uwe mfupi na uwe wa kila siku. Dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, mahali pale pale na wakati ule ule, ni bora kuliko saa nzima ya Ijumaa. Na asihamishwe kutoka kipande kimoja kwenda cha pili mpaka akiweze siku kadhaa mfululizo. Mzazi atie alama ya chaki ukutani kila siku mtoto afanyapo bila ya kusaidiwa. Kwani maendeleo ya mtoto huyu ni kama kumea kwa mti, asiyeweka alama hayaoni, akakata tamaa bure.

Nne, afundishwe kwa vitu vyenyewe. Hesabu na iwe katika kuandaa chakula: sahani moja ya baba, moja ya mama, moja ya dada. Na iwe katika kupanga mafungu ya dagaa: hapa moja, hapa mbili, hapa tatu. Asiyeweza kusema na aoneshe kwa mkono. Kwani mafakihi wamekubali ishara ya bubu ifahamikayo katika kuuza na katika kuoa, seuze katika kuomba maji. Na nduguze wakatazwe kumjibia. Akiulizwa, angojwe, mtu na ahesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla ya kurudia swali.

Tano, fimbo iondolewe. Ibn Khaldun, katika Mukaddima yake ya mwaka 1377, ameeleza ya kwamba ukali juu ya mwanafunzi humvunja nafsi, humfundisha uongo na hila, na humwondolea uchangamfu. Ikiwa haya ndiyo yampatayo mtoto mwepesi, ni zaidi kwa yule apigwaye kwa jambo asilolijua. Bali asifiwe papo hapo alipofanya vyema, kwa neno fupi na kwa uso wa furaha.

FASILI YA NNE: NGAZI YA FATIHA

Huenda mtu akasema: "Ya sahani na maji tumeyasikia, je, Kurani?" Jawabu ni kuwa sharia yenyewe imeweka ngazi. Wanazuoni wa Kishafi'i wamesema: mwenye kuswali na asiweze Fatiha, asome aya saba nyinginezo, asipoweza, alete aina saba za dhikri au dua, na asipoweza lolote, asimame kwa kadiri ya muda wa Fatiha. Na anayejua aya moja tu katika Fatiha, wala hajui badali yoyote, huikariri hiyo moja. Watazame basi: hawakumwambia mtu yeyote, "Toka safuni, huwezi." Kila aliyeshindwa daraja moja ameoneshwa daraja iliyo chini yake, mpaka yule asiyekuwa na neno hata moja akapewa kusimama.

Basi mzazi na aipande ngazi hii kutoka chini. Kwanza mtoto azoee kusimama ubavuni mwa baba yake nyumbani, atulie. Kisha ajifunze kuinama na kusujudu kwa kutazama. Kisha takbiri, neno moja na lile lile kwa mwezi mzima ikilazimu. Kisha tasbihi. Kisha aya ya kwanza ya Fatiha, na iliyo baada yake isiguswe mpaka ile imekaa. Na ikiwa ulimi wake ni mzito, akumbuke mzazi ya kwamba Bukhari na Muslim wamepokea kuwa msomaji wa Kurani aonaye taabu katika kusoma ana ujira mara mbili. Fadhila hiyo haikuwekewa yule asomaye mbio.

FASILI YA TANO: KUMTOA NJE NA KUMLINDA

Mtoto huyu hakuumbiwa uani. Katika Ansari alikuwako Hibban bin Munkidh, na wengine husema kisa ni cha baba yake. Alipata jeraha la kichwa, ulimi ukawa mzito, akawa akidanganywa katika biashara. Jamaa zake wakataka azuiliwe asiuze wala asinunue. Mtume hakumfungia nyumbani. Alimfundisha neno moja fupi la kusema kila anunuapo, la kukataza hadaa, akampa na hiari ya siku tatu. Ulimi wake haukuweza kulitamka neno hilo sawasawa, na likakubaliwa hivyo hivyo. Basi na mzazi afanye mfano wake: amtume mtoto duka la jirani kununua kitu kimoja, kwa neno moja alilolizoea, na mwenye duka awe ameambiwa, naye mzazi asimame mbali akitazama.

Na kumtoa nje hakuachi kumlinda, khasa binti. Binti mzito wa fahamu huwindwa na waovu, kwa kuwa wanajua ya kwamba hatasema. Afundishwe mapema, na mama yake, sehemu za mwili wake zisizoguswa na mtu. Afundishwe kusema "sitaki" kwa sauti kubwa, na kumkimbilia mama. Na kabla ya hedhi kumjia, afundishwe namna ya kujisitiri na kujisafisha, kwa vipande vidogo kama ilivyotangulia. Na akisema jambo, asadikiwe na lichunguzwe. Wala jirani asinyamaziwe kwa kuhofu aibu.

Tena mafundisho ya nyumbani hayaondoi haki yake ya shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imempa haki ya kusoma kama watoto wengine. Mzazi na aende kwa mwalimu mkuu na kwa afisa elimu, aulize ni shule gani yenye mwalimu wa elimu maalumu, na aeleze yale mtoto ayawezayo, siyo yale tu yaliyomshinda.

KHATIMA

Wazazi hawakai milele. Itafika siku mama amlishaye hayupo, na mtoto huyu atakuwa mtu mzima mikononi mwa nduguze. Akiwa ajua kula, kunywa na kujitoharisha, na ajua kusimama safuni na kusema takbiri, ataishi kwa heshima, na nduguze hawatamwona mzigo. Na asipojua, hata aliye mwema katika wao atachoka. Urithi huo haununuliwi kwa shamba wala kwa mtumbwi. Huwekwa kidogo kidogo, dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, tangu leo.

Mwenyezi Mungu awape wazazi subira, awafungulie watoto hawa fahamu zao, na amlipe kila mwenye kuwafundisha hata neno moja. Amin.