Una sarafu ya Olimpiki ya London? Itazame vizuri kabla ya kuiuza

Huenda uliachiwa na mtalii kama bahashishi, au shangazi aliyekuja likizo kutoka Uingereza alimwaga chenji zake mezani ukaiona humo. Ni sarafu ya peni 50, yaani nusu pauni, rangi ya fedha, ina pande saba, na nyuma yake kuna mchoro wa mchezo. Mtu akakwambia ni mali adimu na mitandaoni inauzwa kwa maelfu ya pauni. Usikimbilie kuiuza, wala usikubali kununua ya mwenzako, mpaka uijue.

Sarafu hizi zilitolewa na Royal Mint, karakana ya serikali ya Uingereza inayotengeneza sarafu, kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki iliyofanyika London mwaka 2012. Ndiyo michezo ile ambayo David Rudisha wa Kenya alishinda mita 800 kwa dakika 1:40.91 na kuvunja rekodi ya dunia, na Stephen Kiprotich wa Uganda akatwaa dhahabu ya marathoni. Ziko aina 29, kila moja na mchezo wake, na michoro ilibuniwa na wananchi wa kawaida. Ule wa riadha, unaoonyesha mtu akiruka juu, ulichorwa na mtoto wa miaka tisa, Florence Jackson, aliyeshinda shindano la kipindi cha televisheni cha watoto.

Sasa, yako ina thamani gani? Kisheria ni peni 50 tu, na bado inapokelewa madukani Uingereza. Kinachoipandisha bei kwa wakusanyaji, yaani watu wanaotafuta sarafu za kuhifadhi, ni uchache wa aina yake na hali yake. Umri si hoja hapa, maana karibu zote zina mwaka 2011. Yenye mchoro wa mishale ilitengenezwa zaidi ya milioni 3, kwa hiyo ni rahisi kuipata. Ya mpira wa miguu ilitengenezwa 1,125,500, ya mieleka 1,129,500, na ya judo 1,161,500. Hizi ndizo chache, na wakusanyaji huzilipia zaidi ya peni 50, lakini kwa iliyokwisha kutumika tunazungumzia pauni kadhaa, si maelfu.

Ya mpira ni rahisi kuitambua. Ina mchoro kama wa ubao wa kocha unaoeleza sheria ya kuotea, na maneno OFFSIDE na NOT OFFSIDE yameandikwa humo. Kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu hata asiyejua Kiingereza anaweza kuisoma kwa macho.

Inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni ya kuogelea. Mchoro wa kwanza ulikuwa na mistari ya maji inayopita juu ya uso wa mwogeleaji. Ukabadilishwa ili uso uonekane wazi, lakini sarafu chache za mchoro wa kwanza zilikuwa zimeshatoka. Ishike karibu na dirisha, uiinamishe kidogo mwanga uipige kwa ubavu, utazame shavu na mdomo wa mwogeleaji. Uso ukiwa safi, hiyo ni ya kawaida. Mistari ikikatiza usoni, usiitumie wala usiiuze mpaka iangaliwe na mtaalamu wa sarafu.

Je, kuna bandia? Zipo, hasa za aina zinazotafutwa. Ya kweli ina uzito wa gramu 8 na upana wa milimita 27.3. Sonara yeyote mwenye mizani ndogo anaweza kukupimia. Ijaribu pia kwa sumaku: ya kweli ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa hiyo hainaswi. Ukikuta maandishi yamefifia au pembe hazilingani, itilie shaka hata kama uzito umekubali.

Usiisafishe. Najua nyumbani tunang'arisha vyombo vya shaba kwa limau na majivu, lakini sarafu iliyosuguliwa hubaki na mikwaruzo midogo na mkusanyaji ataikataa au ataishusha bei. Ifunge kwenye karatasi safi, uishike kwa ukingo.

Ili kujua bei ya kweli, ingia kwenye soko la mtandaoni kama eBay, tafuta jina la mchezo, kisha uchague kuonyeshwa vitu vilivyokwisha uzwa. Bei anayoomba muuzaji haikusaidii, kwani kila mtu anaweza kuandika pauni elfu tano. Tazama wanunuzi walilipa kiasi gani. Kisha toa ada ya soko na gharama ya posta. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa, kutuma sarafu moja kwa njia salama kunaweza kumeza faida yote, na kuitia ndani ya barua ya kawaida ni kutafuta hasara.

Maduka ya kubadilisha fedha huku kwetu kwa kawaida hupokea noti, hayachukui sarafu za kigeni. Kama yako ni ya kawaida, mpe ndugu anayesafiri kwenda Uingereza akaitumie, naye akulipe nusu pauni kwa shilingi. Kama ni ya mpira, mieleka au judo, mwombe akaiuze huko huko, ambako posta ni ya ndani na wanunuzi ni wengi. Kabla hajaondoka, piga picha pande zote mbili za sarafu, mkubaliane bei ya chini kabisa, na muandikiane hata kwa ujumbe wa simu.