Chapati za Wiki Nzima
Kijitabu cha familia: kupika, kugandisha na kupasha kifungua kinywa kwa usalama

Asubuhi ya shule haina nafasi ya kukanda unga. Mtoto akitoka nyumbani na chai tupu, njaa humfuata darasani, na ikifika saa nne hununua chochote kinachouzwa getini. Kaya yenye friza inaweza kuepuka hali hiyo kwa kupika chapati mara moja mwishoni mwa juma, kuzigandisha, na kupasha za kutosha kila asubuhi.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya yote: friza haiui vijidudu, inavizuia tu visizaliane. Chakula kikiingia na uchafu, kitatoka nao. Kwa hiyo usalama wa chapati ya Alhamisi unaamuliwa Jumamosi, kwa usafi wa mikono, uharaka wa kupoza na namna ya kufunga.

MAHITAJI (chapati 14 hadi 16)

• Unga wa ngano kilo 1: nusu atta, nusu mweupe
• Chumvi kijiko 1 cha chai
• Mafuta ya kula vijiko 3 vya chakula, na mengine kidogo ya kupaka
• Maji safi ya uvuguvugu, kama mililita 600; ongeza kidogo kidogo unga ukiyahitaji

Atta ina nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe, nazo husaidia choo na hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Unaponunua unga, tafuta alama inayoonyesha umeongezwa virutubishi. Sheria za Kenya na Tanzania zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma na asidi ya foliki. Chuma hujenga damu. Asidi ya foliki humsaidia mama kujifungua mtoto asiye na mgongo wazi, na inahitajika tangu kabla mimba haijatungwa.

Usizidishe chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka katika vyakula vyote. Ukipenda, ponda boga lililochemshwa, ulikandie kwenye unga na upunguze maji. Chapati zitakuwa laini, na watoto watapata chanzo cha vitamini A.

KUKANDA NA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mwenye jipu au kidonda kibichi mkononi asikande. Vijidudu vya kwenye kidonda vinaweza kutengeneza sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikipashwa.
2. Changanya unga, chumvi na mafuta. Tia maji, kanda mpaka ulainike, kisha ufunike utulie nusu saa.
3. Kata madonge, sukuma, paka mafuta kiasi, viringisha, acha yatulie kidogo, kisha sukuma tena.
4. Pika kwenye kikaango chenye moto wa wastani mpaka kila upande uwe na madoa ya kahawia na katikati pasibaki ubichi.

Watoto wasionje donge bichi. Unga haujapikwa, na unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha.

KUPOZA NA KUGANDISHA

Hapa ndipo kaya nyingi hukosea. Chapati za moto hupangwa kwenye hotipoti, zikaachwa humo mpaka usiku, ndipo zikatiwa kwenye friza. Hotipoti ni chombo cha kuweka chakula kinacholiwa muda si mrefu. Moto wake ukishapungua, chapati hubaki na uvuguvugu, na vijidudu huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60.

Fanya hivi:

• Tandaza chapati kwenye sinia safi bila kuzibebanisha, kisha zifunike kwa kawa au kitambaa safi zisiingiliwe na nzi.
• Zikishapoa, zipange na utenganishe kila moja kwa karatasi ya kuokea, ili asubuhi zibanduke kwa urahisi.
• Zitie kwenye chombo chenye mfuniko unaobana au mfuko uliotengenezwa kwa kuhifadhia chakula. Punguza hewa iliyomo, kwa sababu hewa hukausha chapati. Usizifunge kwa gazeti. Wino wake si wa kula.
• Andika tarehe.
• Ziingize kwenye friza kabla ya saa 2 kupita tangu zilipoiva. Kama joto la siku linazidi nyuzi 32, kama inavyotokea Dar es Salaam na Mombasa wakati wa kaskazi, zisipite saa 1.

Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka chapati juu. Nyama na samaki wabichi wakae chini, ndani ya vyombo vilivyofungwa, ili maji yao yasidondokee chakula kilichopikwa. Tumia chapati ndani ya mwezi 1, zingali na ladha yake.

KUPASHA

Toa idadi itakayoliwa tu. Weka chapati iliyoganda moja kwa moja kwenye kikaango cha moto, ifunike, na igeuze mpaka itoe mvuke na iwe ya moto hadi katikati. Usiziache mezani usiku kucha ziyeyuke. Ukitaka kuziyeyusha mapema, zihamishie kwenye friji. Zilizokwisha kupashwa zisirudishwe kwenye friza.

UMEME UKIKATIKA

Usifungue mlango wa friza kila mara kukagua. Friza iliyojaa hutunza ubaridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Umeme ukirudi na chapati bado zina barafu, ziache zigande tena. Zikiwa zimeyeyuka na kupata joto, zitupe.

Kwa familia inayosafiri: gandisha maji kwenye kikombe, kisha weka sarafu juu ya barafu. Mkirudi mkaikuta sarafu imezama, chakula kiliyeyuka mkiwa hampo.

SAHANI YA ASUBUHI

Chapati peke yake haitoshi. Iandamane na maharage, yai, dengu au parachichi, pamoja na tunda. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unapata kutoka kwenye unga na maharage. Mtoto na mama mjamzito wanywe maji au uji wakati wa kula, na chai isubiri kama saa 1. Chungwa, papai, embe au pera husaidia mwili kupokea chuma hicho.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asipewe asali, hata ya kupaka kidogo kwenye chapati.

KAYA ISIYO NA FRIZA

Usiku, pima unga na chumvi uviweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Asubuhi, ongeza maji na yai, koroga, upike chapati za maji. Usikoroge rojo la mayai usiku ukaliacha mezani mpaka kuche.

DALILI ZA HATARI

Mtu akiharisha au kutapika, mpe maji ya chumvichumvi ya dukani au ya kituo cha afya, ukifuata maelezo ya pakiti. Mtoto anyonyeshwe au alishwe kama kawaida. Nenda kituo cha afya mara moja akiharisha damu, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea sana au macho yakididimia.

BANDIKA JIKONI

1. Nawa kwa sabuni kabla ya kukanda.
2. Pika ziive kabisa.
3. Poza haraka, gandisha kabla ya saa 2 kupita.
4. Andika tarehe, usichanganye na vibichi.
5. Pasha mpaka zitoe mvuke.
6. Ukiwa na shaka na chakula, kitupe.

Msomeeni kila anayeingia jikoni: baba, dada wa kazi, bibi na watoto wakubwa. Kazi ya Jumamosi ikigawanywa, haimlemei mtu mmoja, na kila mtoto wa nyumba hiyo atakwenda shule akiwa ameshiba.