Wadudu Waharibifu Katika Kibanja: Kuwatambua na Kuwadhibiti

Swali la wadudu waharibifu huja kwa sura nyingi. Mara utaulizwa sifa za ngeli ya Insekta, mara hatua za ukuaji, mara njia za udhibiti. Wengi hukariri majibu ya kila sehemu peke yake, kisha hushindwa pale mtahini anapoziunganisha. Katika somo hili tutaziunganisha, na kielelezo chetu ni kibanja cha Karagwe au Kyerwa: migomba, mibuni chini yake, maharage katikati, na pembeni mahindi kidogo na nyanya za mboga. Kama umekulia huko, mifano unayo tayari. Kama hujakulia huko, kanuni ni zilezile.

Anza na mdomo wa mdudu. Hiki ndicho kipengele kitakachokupatia alama nyingi kuliko urefu wa orodha yako. Mdudu mwenye mdomo wa kutafuna huacha matundu, kingo zilizoliwa, vinyesi na unga wa mti. Mdudu mwenye mdomo wa kudunga na kufyonza, kama vidukari wa maharage, haachi tundu. Majani hujikunja, hupauka, na mara nyingi hunata kwa utomvu mtamu ambao sisimizi huufuata. Ukiona msururu wa sisimizi unapanda mharage, geuza jani uangalie upande wa chini kabla hujawalaumu sisimizi.

Kipengele cha pili ni hatua ya maisha inayoleta madhara. Fukuzi, nondo na inzi hupitia mabadiliko kamili: yai, lava, pupa, mdudu mzima. Kwa wengi wao lava ndiye mlaji mkubwa, na mara nyingi lava huyo amejificha ndani ya mmea. Ndiyo maana jibu la "mkulima apulizie dawa" peke yake huwa dhaifu. Dawa inayoua kwa kugusa itamfikiaje lava aliye ndani ya shina?

Fukuzi wa migomba

Huyu tutakaa naye kwa muda mrefu, kwa sababu anafundisha karibu mada yote. Jina lake la kisayansi ni Cosmopolites sordidus. Asili yake ni Asia ya kusini mashariki, nyumbani kwa migomba yenyewe. Mdudu mzima ni mweusi, mgumu, ana mdomo mrefu uliopinda, na urefu wake ni kama milimita 10 hadi 15. Hutembea usiku na hupenda unyevu. Ana mabawa lakini huruka kwa nadra sana. Kumbuka jambo hili: mdudu asiyeruka husafiri kwa miguu, hivyo umbali mrefu huvuka akibebwa na mtu, ndani ya machipukizi ya kupanda.

Jike hutaga yai mojamoja kwenye kitako cha mgomba, yaani tunguu, au chini kabisa ya shina. Hutagi mayai mengi kama nzige, lakini anaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo idadi hupanda polepole bila mwenye kibanja kushtuka. Lava ni mweupe, hana miguu, kichwa chake ni cha kahawia. Hutoboa vijia ndani ya tunguu, na vijia hivyo huoza na kuwa vyeusi. Mizizi hupungua, maji na madini hayapandi vizuri, majani hupauka, mkungu huwa mdogo, na mgomba wenye mkungu huanguka hata siku isiyo na upepo mkali.

Kwa kaya inayokula ndizi kila siku na kuuza mikungu inayobaki ili kulipia mahitaji ya shule, mkungu mdogo si jambo la kitabuni. Mtahini naye anapouliza "athari za kiuchumi" anataka uone hilo: chakula kinapungua, fedha inapungua, na kibanja kinachopaswa kudumu kwa miongo kinazeeka mapema.

Udhibiti wake unafuata tabia zake. Kwa kuwa huletwa na machipukizi, tumia miche safi: ya maabara ya chupa, au machipukizi yaliyomenywa tunguu hadi ibaki nyama nyeupe isiyo na vijia. Baada ya kumenya, tunguu laweza kutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 hivi, ili kuua mayai na lava waliobaki karibu na ngozi. Kwa kuwa huvutwa na harufu ya mgomba uliokatwa, mtegee: chukua kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kipasue katikati kwa urefu, laza upande uliokatwa chini karibu na shina la mgomba. Baada ya siku mbili au tatu kifunue asubuhi, okota fukuzi, uwaue. Kwa kuwa huzaliana pia katika mabaki, usiache shina lililovunwa likiwa zima. Likatekate na kulitawanya likauke.

Hapa kuna mvutano ambao mtahini mzuri hupenda kuuona. Matandazo ya nyasi ni sifa ya kibanja cha Kagera: hutunza unyevu, huzuia mmomonyoko, huongeza rutuba. Lakini unyevu huo ndio maficho ya fukuzi. Je, tuondoe matandazo? Hapana. Hasara ya udongo mkavu itazidi faida. Yasogeze tu mbali na shina, kama nusu mita, ili pale jike anapotafuta kutaga pawe pakavu na peupe. Jibu la namna hii linaonyesha kwamba unapima, hukukariri.

Usichanganye mdudu na ugonjwa

Mnyauko wa migomba uliripotiwa Uganda mwaka 2001, na miaka michache baadaye ukawa umeingia Kagera. Husababishwa na bakteria, si mdudu. Dalili zake: majani hunyauka na kuwa ya njano, ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa na madoa ya kahawia ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Tunguu halina vijia vya lava.

Hata hivyo wadudu wanahusika. Nyuki na inzi wanaotembelea ua dume hubeba bakteria kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Hapo mdudu ni mbebaji, si mharibifu. Ndiyo maana mkulima hushauriwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapokamilika, na si kwa panga, kwa sababu panga nalo hubeba ugonjwa. Likitumika lazima lipitishwe motoni au lisafishwe kwa dawa ya klorini. Kuua nyuki si jibu. Ndio wachavushaji wa mimea mingine mingi.

Wengine kwa ufupi

Kwenye mibuni, ruhuka hutoboa punda za kahawa na kuzaliana ndani ya mbegu. Dawa yake kubwa ni usafi: vuna punda zote zilizoiva, okota zilizoanguka. Yupo pia mdudu mdogo mweusi, hafiki milimita mbili, anayetoboa vijiti vya mbuni. Kijiti hukauka kuanzia tundu kwenda nchani. Kata chini ya tundu na uchome moto.

Inzi wa maharage hutaga kwenye majani ya mche mchanga, na lava hushuka hadi shingo ya shina, ambayo huvimba na kupasuka. Panda mapema mvua zinapoanza, badilisha mazao, na pandishia udongo kwenye shina ili mmea utoe mizizi mipya juu ya jeraha. Kantangaze wa nyanya hula kati ya ngozi mbili za jani. Ng'oa majani yaliyoathirika mapema. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, hutambulika kwa madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia.

Viuatilifu vina nafasi yao, lakini viwe vya mwisho katika udhibiti husishi. Taja masharti: kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, kipimo sahihi, mavazi ya kinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ongeza kwamba fukuzi wa migomba amewahi kujenga usugu dhidi ya baadhi ya viuatilifu.

Swali la mfano

Mkulima wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliona migomba yake mitatu imeanguka kabla mikungu haijakomaa. Alipokata tunguu aliona vijia vyeusi. Jirani akamshauri ang'oe migomba yote kwa kuwa ni mnyauko. (a) Je, jirani yuko sahihi? Toa sababu mbili. (b) Eleza hatua tatu ambazo mkulima achukue.

Jibu: (a) Hayuko sahihi. Vijia ndani ya tunguu ni kazi ya lava wa fukuzi. Na mnyauko ungeonyesha utomvu wa manjano kwenye shina au ndizi zilizoiva kabla ya wakati, dalili ambazo hazikutajwa. (b) Aondoe na kukatakata mabaki ya migomba iliyoanguka, kwa sababu fukuzi huzaliana humo. Aweke mitego ya vipande vya shina na kuokota fukuzi asubuhi, kwa sababu huvutwa na harufu ya mgomba uliokatwa. Anapojaza mapengo apande machipukizi yaliyomenywa na kutumbukizwa katika maji yanayochemka, kwa sababu fukuzi husafirishwa na miche.

Tazama kwamba kila hatua imebeba sababu yake. Ukiandika hatua bila "kwa sababu", umejibu nusu.

Jipime: andika jibu kama hilo kwa mkulima wa Kayanga ambaye miche yake ya maharage imekuwa ya njano wiki ya tatu baada ya kupanda, na shina limevimba karibu na ardhi.