Farasi Dhidi ya Maaskofu: Mafunzo Niliyopata kwenye Sataranji

Kuna hali ya mchezo ninayoipenda kuliko zote: askari wako sawa, wafalme wote wamejificha salama, hakuna kete ya bure ya kuliwa, ila mmoja ana farasi wawili na mwenzake ana maaskofu wawili. Hapo wengi husogeza kete huku na huko wakingoja mpinzani akosee. Mimi naamini mpango upo, tena unaonekana kwa anayejua pa kutazama.

1. Anza na askari.

Askofu anataka njia ndefu zilizo wazi, farasi anataka mahali pa kutulia, na wanaoamua yote mawili ni askari. Wakiwa wamekabana katikati nami nina farasi, nawaacha vivyo hivyo. Nikiwa na maaskofu, natafuta askari wa kubadilishana ili njia ifunguke, hata kama maandalizi yatachukua hatua nyingi. Mpango wangu wote huwa umezaliwa hapo.

2. Farasi apewe kituo.

Akiwa katikati ya ubao farasi hufikia miraba 8. Akiwa kwenye kona, 2 tu. Kituo kizuri ni mraba wa mbele ambao askari wa mpinzani hawezi tena kuushambulia. Katika mchezo wa 16 wa pambano la ubingwa wa dunia, Moscow mwaka 1985, Kasparov alimweka farasi wake d3, ndani kabisa ya kambi ya Karpov. Ngome za Karpov zikakosa pa kwenda, na Kasparov akashinda.

3. Mwenye maaskofu awanyime farasi miraba.

Hili ndilo funzo lililobadilisha uchezaji wangu kuliko mengine, na mwalimu wake ni Wilhelm Steinitz, aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza wa dunia mwaka 1886. Huko Vienna, mwaka 1873, alicheza na Samuel Rosenthal. Steinitz, mwenye kete nyeusi, alikuwa na maaskofu wawili. Rosenthal alikuwa na askofu mmoja na farasi mmoja. Steinitz hakukimbilia kumshambulia mfalme. Alisogeza askari c5, kisha b6. Farasi wa Rosenthal akapanda e5. Askari wa f6 akamfukuza hadi g4. Askari wa h5 akamfukuza tena hadi f2. Kila hatua ya askari ilimpunguzia farasi nafasi, huku maaskofu wakitawala ubao kutoka mbali. Ushindi ulifuata baadaye, bila papara.

Askofu mmoja peke yake anaweza kufanya kazi hiyohiyo. Mweke d5 wakati farasi wa mpinzani yuko a5: b3, b7, c4 na c6, miraba yote minne ya kutokea, iko chini ya ulinzi wa askofu. Kila mchezo unapobakiza kete chache, umbali huo wa miraba mitatu ndio ninaoutafuta kwanza.

4. Usiipende kete kuliko kazi yake.

Buenos Aires, 1971, mchezo wa saba wa pambano la Fischer na Petrosian: Fischer alikuwa na farasi mzuri mno c5, naye Petrosian alikuwa na askofu d7 aliyeonekana mnyonge. Fischer akambadilisha farasi huyo kwa askofu huyo. Kumbe askofu yule ndiye aliyekuwa akishikilia ulinzi wa Petrosian. Alipoondoka, ngome ya Fischer ikaingia kwa mstari wa c. Kwangu hiyo ni mojawapo ya hatua bora kabisa zilizowahi kuchezwa katika sataranji.

Ndugu msomaji, utafute mchezo wa Rosenthal na Steinitz, upange kete ubaoni, usimame kwenye hatua ya 18 ya kete nyeupe. Mtafutie farasi yule mahali pa kukaa kabla hujatazama Rosenthal alimpeleka wapi.